Pijo Langu na Ng'ombe wa Kidia

Siku ya kuniaga ofisini vijana walinipa vitu viwili: saa ya ukutani na swali. Saa iko sebuleni kwangu hapa Soweto, mjini Moshi, na inakwenda vizuri kuliko nilivyotegemea. Swali liliulizwa na binti mmoja mgeni wa idara ya mifugo, baada ya soda ya pili: "Mzee, miaka yote ile kwa nini uling'ang'ania Pijo la zamani, na pikipiki za ofisi zilikuwepo?" Nilijibu kwamba kiti chake kilikuwa kimeshauzoea mgongo wangu. Wakacheka, nikapata nafasi ya kukata keki. Lakini yule binti aliuliza kwa adabu, na mtu akikuuliza kwa adabu anastahili jibu la kweli. Muda sasa ninao tele.

Mimi nilikuwa mpandishaji. Nyie kwenye ripoti mnaandika "uhimilishaji", wafugaji wa mlimani wanasema "dume la chupa", na maana ni ileile. Mbegu za madume bora zinakaa ndani ya mtungi wenye naitrojeni ya baridi kali, mtaalamu anazipeleka kwa ng'ombe aliye kwenye joto. Ugumu wa kazi hii hauko mkononi, uko kwenye saa. Ng'ombe akionekana asubuhi kwamba anataka dume, apandishwe jioni. Akionekana jioni, apandishwe kesho yake asubuhi. Ukichelewa, umepoteza siku ishirini na moja, maana ndipo atakaporudi kwenye joto. Na huku kwetu, ng'ombe mmoja aliyefungwa bandani katikati ya migomba ndiye maziwa ya wajukuu na ndiye mbolea ya kahawa ya kihamba kizima, shamba la nyumbani. Kuna kanuni haijaandikwa popote ila kila mchinjaji anaijua: akipandishwa mara tatu asishike mimba, anauzwa.

Siku yangu ya kwanza nilipewa pikipiki. Nikaufunga mtungi nyuma kwa mipira, nikapanda Uru kwa barabara ambayo ilikuwa mawe matupu. Nilipofika kwa mfugaji, mtungi ulikuwa unafuka kama jiko la kuni mbichi na nusu ya naitrojeni ilikuwa imemwagika njiani. Mkuu wangu aliniuliza kama nilitumwa kupeleka mbegu au kupeleka moshi. Miezi sita niliendelea hivyo, nikiwa na mgongo unaouma na mbegu nusu hai. Ng'ombe walikuwa wakirudi kwenye joto kila mahali nilikopita, na wafugaji wakaanza kunisalimia kwa upole wa kutia shaka.

Pijo nililinunua kwa mwalimu mkuu mstaafu wa Marangu. Lilikuwa 504, saluni, rangi ya chai ya maziwa, na lilikuwa limeshatumika kupeleka watoto wake wote shule na mmoja kaburini. Alinikabidhi funguo akasema, "Halitaki haraka." Nikadhani ananiusia mwendo. Niliposhuka nalo kutoka Marangu, nikapita mashimo ya Himo nikisubiri mtikisiko, mtikisiko haukuja. Springi zake zilikuwa laini kiasi kwamba gari lilikuwa likiinama na kuinuka taratibu, kama mama mtu mzima anayekaa kwenye kigoda. Nilisimama kando ya barabara nikafungua mfuniko wa mtungi. Naitrojeni ilikuwa imetulia tuli. Nilifurahi mpaka nikajicheka peke yangu.

Tangu siku hiyo mtungi ukawa abiria wa mbele. Niliufunga mkanda wa kiti, na dirisha la upande wake nikaliacha wazi inchi tatu, mvua inyeshe jua liwake, kwa sababu hewa ya naitrojeni ikijaa ndani ya gari lililofungwa inamlaza dereva bila hodi. Hili naomba mlishike hata kama mengine mtayapuuza. Mke wangu alikaa kiti cha nyuma miaka yote. Watu wa kanisani walidhani ni heshima ninayompa. Yeye aliwaambia ukweli: "Mbele anakaa mke mkubwa."

Gari la zamani bila fundi ni chuma tu. Mimi nilimpata Fundi Mbwambo wa Njoro, Mpare mfupi mwenye mikono mikubwa, karakana yake ilikuwa mapaa mawili ya bati na shimo. Nilimpelekea Pijo likiwa linakohoa. Sikuwahi kuona fundi asiyegusa spana. Aliniweka kwenye kiti cha dereva, akaniambia niwashe injini nifumbe macho.

"Unasikia nini?"

"Injini."

"Bwana Mifugo, wewe ukimkuta ng'ombe anaumwa, unaanza kwa kumchoma sindano?"

"Hapana. Namtazama kwanza anavyosimama, anavyotafuna."

"Basi. Sikiliza anavyotafuna."

Nilisikiliza mpaka nikasikia: katika milio minne, mmoja ulikuwa unachelewa kidogo. Plagi ya tatu. Akaitoa, akaisafisha kwa brashi ya waya, akairudisha, na Pijo likatulia. Hakunipongeza. Alisema kesho yake nije na ovaroli.

Kila Jumamosi asubuhi nilikwenda Njoro nikawa mwanafunzi. Nilijifunza kupiga grisi chini ya gari kila wiki mbili, kwa sababu udongo wetu mwekundu ukiingia kwenye viungo unasaga chuma kama ulezi. Nilijifunza kusafisha chujio la hewa kila niliporudi kutoka Chekereni, ambako barabara za mashamba ya mpunga zina vumbi la kuzika mtu. Nilijifunza kushuka mlima kwa gia, siyo kwa breki. Anayeshuka Kibosho mguu ukiwa kwenye breki atafika chini akinusa kitu kinachoungua, na hicho kitu ni usalama wake. Na nilijifunza kutazama mipira. Mabomba ya maji, mikanda, vikombe vya breki. "Chuma kinakuambia," Fundi alikuwa akisema. "Mpira unanyamaza mpaka siku ya siku."

Vipuri vilipoanza kuadimika nilinunua Pijo la pili, lililokufa, nikaliweka kwenye kihamba cha kaka yangu. Tulikuwa tukiliita Marehemu. Kila nilipohitaji kitasa au taa, nilikwenda kwa Marehemu na bisibisi. Shida ilianza pale kuku wa shemeji walipoamua kutagia kwenye kiti cha nyuma. Nilikwenda siku moja kukitoa kiti hicho, shemeji akasimama mlangoni na ufagio. "Hiki hakitoki mpaka vifaranga vitoke." Nikasubiri. Ofisini niliandika kwamba gari liko matengenezo, na halikuwa neno la uongo.

Nayasifu sana magari haya, najua. Ila mjue kwamba sijayasifu kwa ajili ya uzuri wa bodi. Nalisifu lile Pijo kwa sababu lilijengwa ili mtu aweze kulielewa. Ukifungua boneti unaona kila kitu, unajua kipi kinamsukuma nani, na likikosea linakosea mbele yako. Mpaka leo nikiliwasha asubuhi kwenda sokoni napata raha ileile. Magari yenu mapya likitokea jambo yanawasha taa ya njano na kunyamaza, kama mtoto aliyenuna.

Sasa nifike mahali ambapo miaka yote nimekuwa nikiparuka.

Nilikuwa na miaka kumi na kitu kazini, jina langu mlimani limeshatulia. Kidia, Old Moshi, alikuwepo mjane mmoja, Bibi Aikande. Alikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa, mwekundu mwenye baka jeupe begani, na wajukuu watatu walioachwa na binti yake. Ng'ombe yule alikuwa amepandishwa mara mbili bila kushika, na mara zote mbili nilipandisha mimi. Mwanawe mkubwa, Elirehema, ambaye ndiye aliyekuwa akikata majani na kubeba maji ya ng'ombe, alikuwa amesema wazi: mara ya tatu ndiyo mwisho, atauzwa, na pesa itakwenda kwenye miche ya parachichi. Bibi hakubishana naye. Alichoniambia mimi ni hiki tu: "Baba, mara hii uwahi."

Wiki hiyohiyo Fundi Mbwambo alibinya bomba la juu la rejeta kwa vidole akaniambia limekwisha. "Limelainika kama ndizi mbivu. Libadilishe kabla hujapanda mlima." Nikasema wiki ijayo. Sababu ninawaambia, ingawa inanitia aibu: Jumamosi ile Pijo lilikuwa limeombwa kumbeba bibi harusi, mtoto wa mzee wa kanisa, na mimi nilikuwa nimelipaka rangi upya. Siku nzima niliyopaswa kwenda kutafuta bomba niliitumia kung'arisha bampa.

Alhamisi asubuhi Elirehema akapiga simu: ng'ombe yuko kwenye joto tangu alfajiri. Nilikuwa na muda mzuri. Niliondoka saa nane mchana, nikapita Kiboriloni, na kwenye kona za juu bomba likapasuka kwa kishindo. Mvuke ulijaa kioo chote. Nililifunga bomba kwa ukanda wa mpira wa tairi, kazi ya robo saa, kisha nikatafuta maji. Mfongo, mfereji wetu wa maji, uliopita pale ulikuwa mkavu. Zamu ya maji siku hiyo ilikuwa ya ukoo wa ng'ambo. Nyumba ya karibu walikuwa wanajiandaa kwa ubatizo, na maji yote ya nyumba yalikuwa yamekwisha kuingia kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, pipa zima, limekolea.

Mwenye nyumba alinionea huruma. "Daktari, mbege si ni maji tu? Maji na ulezi kidogo."

Nina cheti cha mifugo na nilikuwa mwanafunzi wa Fundi Mbwambo miaka kumi. Nikamimina mbege kwenye rejeta.

Pijo lilikwenda kama nusu kilomita, likinukia sherehe. Kisha ule ulezi ukachemka ukawa uji, uji ukaziba rejeta, na mshale wa joto ukapanda mpaka mwisho. Nikazima injini. Ilikuwa saa kumi alasiri. Kutoka pale mpaka kwa Bibi Aikande ni mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu, na mtungi una uzito wa mtoto wa miaka mitatu. Ningeweza kuubeba begani nikafika jua likiwepo. Sikufanya hivyo. Niliogopa kuliacha gari kando ya njia likiwa na rangi mpya na harusi ya keshokutwa. Nilibaki nalo, nikatafuta watoto wa kuniletea maji ndoo kwa ndoo kutoka mbali, nikalala kwa yule mwenye mbege, na asubuhi nikaendelea kuutoa uji kwenye rejeta kwa waya.

Nilifika kwa Bibi Ijumaa saa sita mchana. Ng'ombe alikuwa amelala anacheua. Tulipomwinua hakusimama kwa utulivu, na nilipomgusa alinipiga teke. Ute hakuna. Kila dalili ilisema joto limeshapita. Bibi alikuwa ameshika kamba, ananitazama.

"Vipi, baba?"

"Tumewahi, Bibi," nikasema.

Nikampandisha, nikajaza kadi, nikanawa mikono. Jumamosi nikambeba bibi harusi, na kila mtu alilisifu gari.

Fundi alipoifungua rejeta wiki iliyofuata, alichota kwa kidole kitu cha kahawia, akanusa, akakaa chini akacheka mpaka akatoa machozi. "Nimeona magari yanakula mafuta. La kunywa ndiyo kwanza naliona." Kisha akanitazama usoni akaacha kucheka. "Na ng'ombe je?" Nikamwambia tutaona. Akaweka bomba jipya.

Siku ya ishirini na moja Elirehema alinipigia. Sauti yake haikuwa na hasira. "Daktari, usisumbuke kupanda. Amerudi kwenye joto tena leo asubuhi. Mchinjaji anakuja jioni kumtazama. Umejitahidi, ng'ombe ndiye mbovu."

Hapo ndipo ningeweza kunyamaza, na hakuna mtu duniani angejua. Ng'ombe mbovu huuzwa kila siku. Niliweka simu mezani. Kisha nikatoka uani, kwenye mpaka wangu na jirani, nikakata jani la isale. Kwa wageni wa Kilimanjaro: jani la isale lililofungwa fundo ndilo tunalobeba tunapokwenda kuomba msamaha. Mtu akiletewa halikatai, hata kama amechinjiwa ndugu. Kwa hiyo halibebwi kwa mchezo, maana unamnyang'anya mwenzako haki ya kukasirika. Nikapita Njoro kujaza naitrojeni karibu na karakana, Fundi akaliona jani juu ya dashibodi. "Nyie Wachagga na majani yenu," alisema. Halafu akafungua boneti, akakagua maji mwenyewe, akafunga. "Panda. Litafika."

Lilifika. Sikuwahi kuliendesha vile, kwa gia ya pili mwanzo mwisho, nikilisikiliza likitafuna mlima bila kukosea hata mlio mmoja. Nilikuta watu watatu bandani. Mchinjaji, mtu mnene mwenye kofia ya sufu, alikuwa anapapasa mgongo wa ng'ombe. Elirehema alikuwa ameegemea nguzo. Bibi alikuwa amekaa kwenye kigogo, mikono mapajani.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba, baba. Karibu."

Sikukaa. Nililishika jani kwa mikono miwili nikampa. Elirehema akasimama wima. Nikasema yote kwa sauti, mchinjaji akisikia: bomba nililoambiwa nilibadilishe nikaacha, mbege, usiku niliolinda rangi ya gari, ng'ombe niliyemkuta amepoa, na neno "tumewahi". Nikasema ng'ombe hana kosa, hakupata nafasi ya tatu, niliila mimi.

"Ulitudanganya," alisema Elirehema. "Mama yangu mtu mzima, ukamdanganya machoni!" Alikuwa na haki kabisa, na nilimwambia hivyo.

"Elirehema," Bibi akamkatiza. "Nimeshalipokea jani." Akaligeuzageuza mkononi, kisha akanitazama mimi. "Hukunidanganya, baba. Mimi nimefuga tangu hujazaliwa. Ng'ombe anayetaka dume hapigi teke. Nilijua palepale."

"Sasa Bibi, mbona hukusema?"

"Niseme ili iweje? Huyu," akamwonyesha Elirehema kwa kidevu, "angekwenda kulisema Kiboriloni siku ya soko. Kufika jioni wameshalijua mpaka Mbokomu. Nani angekuita tena? Pikipiki ya yule mpandishaji mwenzako inamwaga dawa njiani, anayefika na mbegu nzima ni wewe na hilo gari lako. Mimi ng'ombe wangu ni mmoja. Mlima mzima wako wangapi?"

Yule mama alikuwa tayari kumwona ng'ombe wake anashuka mlima kwa kamba, na wajukuu wanywe chai ya rangi, ili jina langu libaki safi, na wiki tatu zile hakunitumia hata salamu za kunisuta. Nililia, mtu mzima, mbele ya mchinjaji. Sijawahi kumheshimu mtu kama nilivyomheshimu yule mama aliyekaa kwenye kigogo.

"Haya, nawa mikono," akasema. "Ameonekana asubuhi, na sasa ni jioni. Hiyo si ndiyo saa yenu?"

Alishika. Nawaambia mapema msije mkabaki na wasiwasi. Alizaa jike, na yule jike naye akazaa, nami ndiye niliyempandisha. Bibi alikufa miaka mingi baadaye, na Elirehema alikuwa akiniita daktari mpaka siku nastaafu, ingawa ilichukua muda kabla hajanikaribisha kiti.

Jioni ile mchinjaji hakuwa na ng'ombe wa kushuka naye, kwa hiyo nilimpa lifti. Mtungi ulikuwa mbele, akakaa nyuma. Tulishuka kwa gia, pole pole, mpaka Kiboriloni, na hapo akaniomba nisimame. Alifungua mlango, akatoa mguu mmoja nje, akasita.

"Daktari," alisema, "kusema kweli, mimi ningenyamaza."

"Hata mimi," nikamjibu. "Nilinyamaza siku ishirini na moja."